Kazi Mradi Nyumbani: Nafasi ya Familia katika Kazi na Mafanikio ya Mwanafunzi wa Shule ya Msingi Mjini Tunduma

Ikisiri

Makala hii inafafanua uhusiano uliopo kati ya maisha ya familia na kazi mradi anazopewa mwanafunzi wa shule ya msingi, kwa kuutazama mji wa Tunduma, mkoani Songwe. Hoja yake kuu ni kwamba kazi mradi inayofanyiwa nyumbani humpima mtoto pamoja na kaya yake. Kwa hiyo, mwalimu anayetoa alama kwa kutazama zao la mwisho pekee hupima pia kipato, muda na elimu ya mzazi, huku akidhani kwamba anapima umahiri wa mtoto. Makala inaonesha vilevile kuwa kaya za mpakani zina maarifa ya biashara, lugha na usafiri ambayo shule ingeweza kuyafanya kuwa malighafi ya kazi hizo. Ufafanuzi umejengwa juu ya sera, sheria na mitaala ya Tanzania, pamoja na tafiti za kielimu zilizofanyika Brazili, Uingereza na Marekani. Inahitimishwa kuwa kazi mradi hupimwa kwa haki pale mtoto anapopewa nafasi ya kueleza alichofanya, nani alimsaidia na kwa kiasi gani.

1.0 Utangulizi

Tunduma ni mji uliopo mpakani mwa Tanzania na Zambia, ukipakana na mji wa Nakonde. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Zambia hupita hapo. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, nayo huvukia mpaka hapo. Mkoa wa Songwe, ambao Tunduma ni mji wake mkubwa wa kibiashara, ulianzishwa mwaka 2016 kwa kugawanywa Mkoa wa Mbeya. Maisha ya kaya nyingi za mji huu yamefungamana na mpaka: wapo mawakala wa forodha, madereva wa malori, wabadilisha fedha, wapagazi, mama lishe, waendesha bodaboda na wafanyabiashara wa nafaka zinazolimwa Mbozi, Momba na Ileje.

Katika kaya hizo hizo ndimo mtoto wa shule anamorudi jioni akiwa na agizo la mwalimu: atengeneze kielelezo, akusanye mbegu, achore ramani ya mtaa au aandike historia fupi ya ukoo wake. Agizo hilo huonekana dogo. Hata hivyo, huigusa kaya nzima, kwa kuwa linahitaji fedha, nafasi, muda na mtu wa kuuliza. Swali linalojitokeza ni hili: kazi inaporudi shuleni na kupewa alama, alama hizo ni za nani?

2.0 Kazi mradi katika elimu ya Tanzania

Wazo la mwanafunzi kujifunza kwa kutenda si geni nchini Tanzania. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, lililotaka kila shule iwe pia sehemu ya uzalishaji. Mashamba, mifugo na karakana za shule vilitokana na falsafa hiyo. Mradi wa wakati ule ulikuwa wa shule: uliendeshwa katika eneo la shule, kwa zana za shule, na matokeo yake yalikuwa ya wote. Mtoto wa mkulima na mtoto wa karani walishika jembe lilelile katika shamba lilelile.

Kuanzia maboresho ya mitaala ya mwaka 2005, msisitizo ulihamia kwenye umahiri wa mwanafunzi mmoja mmoja. Mihutasari ya masomo ilianza kutaja mbinu na zana kama vile kazi mradi, mkoba wa kazi na orodha hakiki. Mwelekeo huo umeendelezwa katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la Mwaka 2023, na katika mitaala iliyoanza kutekelezwa Januari 2024. Mitaala hiyo inahimiza mwanafunzi atende, achunguze na abuni, na inatambua upimaji endelevu sambamba na mtihani wa mwisho.

Mabadiliko hayo yana faida iliyo wazi, kwani yanampunguzia mwanafunzi mzigo wa kukariri. Hata hivyo, yana matokeo ambayo hayatajwi mara kwa mara. Mradi umetoka katika shamba la shule na kuingia katika chumba cha familia. Zana zinazotumika sasa ni za nyumbani, na nyumba hazilingani.

Elimumsingi bila ada, iliyotokana na Waraka wa Elimu Na. 5 wa Mwaka 2015 na kuanza kutekelezwa Januari 2016, iliondoa kikwazo cha ada. Sare, madaftari na mahitaji mengine ya mwanafunzi yalibaki kuwa wajibu wa mzazi. Karatasi za manila, gundi, kalamu za rangi na gharama za kuchapa picha steshenari zimeangukia upande huo wa mzazi. Kila kimojawapo ni gharama ndogo, lakini kwa kaya yenye watoto wanne wa shule gharama hizo hujirudia kila muhula.

3.0 Muda wa kaya ya mpakani

Nyenzo inayoadimika zaidi ya fedha ni muda. Tunduma na Nakonde hutenganishwa na hatua chache, lakini saa zao hutofautiana. Tanzania hufuata saa za Afrika Mashariki, na Zambia saa za Afrika ya Kati zilizo nyuma kwa saa moja. Mzazi mwenye biashara Nakonde anayefunga saa kumi na mbili jioni kwa saa za huko huwa tayari amefikia saa moja usiku kwa saa za nyumbani kwake. Akivuka, akapitia sokoni na kuandaa chakula, mtoto mwenye kazi ya shule huwa amekwisha kusinzia au ameikamilisha peke yake.

Kazi nyingine za mji huu nazo zina saa zake. Dereva wa lori huweza kuwa safarini kwa siku nyingi kuelekea Zambia au Kongo. Mama lishe huamka alfajiri na kufunga usiku, kwa kuwa wateja wake ni wasafiri. Wakala wa forodha hufuata mwendo wa nyaraka na magari. Katika mazingira hayo, malezi ya jioni huwaangukia bibi, shangazi, kaka au dada mkubwa, na pengine msaidizi wa kazi za ndani. Mtu anayemsaidia mtoto kazi ya shule mara nyingi si yule ambaye shule humwita “mzazi” katika mikutano yake.

Jambo hilo lina maana kubwa katika ufasiri wa mahudhurio ya wazazi. Mzazi asiyefika shuleni huweza kuhesabiwa kuwa hajali, ilhali kutokuwapo kwake ndiko kunakolipia madaftari ya mtoto. Mtafiti anayeutumia mkutano wa wazazi kama kipimo pekee cha ushiriki wa familia katika mji wa aina hii atapima ratiba za biashara, wala hatapima upendo au ari.

Lugha nayo huathiri msaada wa nyumbani. Katika shule za msingi za serikali Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia, hivyo mlezi aliyeishia darasa la saba anaweza kusoma swali la mwanawe wa darasa la tano na kulijadili naye. Mtoto aingiapo kidato cha kwanza, masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na mlezi huyo hukatiwa mazungumzo ghafla. Hivyo miaka ya shule ya msingi ndiyo kipindi ambacho familia nyingi zina uwezo mpana zaidi wa kushiriki katika kazi ya mtoto. Shule ikikitumia vibaya, haitakipata tena kwa urahisi.

4.0 Njia tatu za kazi mradi

Kazi mradi iliyotoka nyumbani huweza kuwa imepitia njia moja kati ya tatu. Njia ya kwanza ni ya mtoto kuifanya mwenyewe kwa vitu alivyonavyo: boksi lililotupwa, udongo wa mfinyanzi, vizibo vya chupa, mabua. Ya pili ni ya mtoto kuifanya pamoja na mtu mzima au mtoto mkubwa. Ya tatu ni ya mtu mwingine kuifanya kwa niaba yake, awe mzazi, kaka wa sekondari au fundi aliyelipwa.

Njia ya pili ndiyo yenye tija zaidi kielimu, na ndiyo ngumu kuitofautisha na ya tatu. Wood, Bruner na Ross (1976) walichunguza jinsi mkufunzi alivyowasaidia watoto wa umri wa miaka 3 hadi 5 kujenga piramidi kwa vipande vya mbao. Walilinganisha msaada huo na jukwaa la fundi wa ujenzi: hujengwa ili kazi ifikiwe, kisha huondolewa ukuta unapoweza kusimama. Mzazi anayeshika ubao ili mtoto apige msumari amejenga jukwaa. Mzazi anayepiga msumari mwenyewe huku mtoto akitazama televisheni amejenga ukuta usio wa mtoto.

Tatizo la upimaji hujitokeza hapa. Tuchukulie kwamba wanafunzi wa darasa moja wametakiwa kuwasilisha kazi kuhusu Kimondo cha Mbozi, jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani, lenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 16 na urefu wa takriban mita 3, ambalo lipo katika wilaya jirani. Mtoto wa kwanza amepelekwa kukiona kwa gari la familia, akapigwa picha, na picha hizo zikachapwa kwa rangi na kubandikwa kwenye manila. Mtoto wa pili hajawahi kufika huko. Amepima mita 3 uani kwa kamba ili aone ukubwa wake. Kisha amefikiria malori anayoyaona kila siku barabarani, akaandika kwamba lori lenye uwezo wa kubeba tani 30 lingekibeba kimondo hicho na kubakiza nafasi ya tani 14. Kazi yake imeandikwa kwenye karatasi ya daftari na ina madoa.

Zao la kwanza ni zuri zaidi kwa macho. Lakini umahiri wa kupima, kukadiria na kulinganisha, ambao ndio lengo la mtaala, umeonekana katika zao la pili. Mwalimu anayetunuku unadhifu hapo atakuwa amewafundisha watoto wote wawili somo moja lisilokusudiwa: kwamba mafanikio hununuliwa.

5.0 Maarifa ambayo kaya za mpakani zinayo

Mjadala wa familia na shule hutawaliwa na orodha ya upungufu: wazazi hawana muda, hawana vitabu, hawana elimu. Mtazamo huo ni wa upande mmoja. Mwaka 1992, Moll na wenzake walichapisha utafiti uliohusu familia za wafanyakazi wenye asili ya Meksiko katika mji wa Tucson, jimbo la Arizona nchini Marekani, eneo lisilo mbali na mpaka wa nchi hizo mbili. Walimu walizitembelea kaya hizo kama wanafunzi wa kaya, wakakuta ujuzi wa kilimo, ujenzi, biashara, tiba na ufundi ambao shule haikuwa ikiutumia. Watafiti hao waliuita ujuzi huo hazina za maarifa.

Dhana hiyo inaifaa Tunduma. Mtoto anayekaa kwenye genge la mama yake hukutana na sarafu mbili. Ikiwa kwacha 1 inabadilishwa kwa shilingi 100, na mteja amenunua bidhaa za shilingi 3,500 kwa noti ya kwacha 50, mtoto huyo anapaswa kujua kwamba amepokea thamani ya shilingi 5,000, na kwamba chenji ni shilingi 1,500 au kwacha 15. Kesho kiwango cha kubadilisha huweza kuwa kingine, naye atakokotoa upya. Hiyo ni hisabati ya uwiano, inayofanywa papo kwa papo na yenye hasara halisi ikikosewa.

Utafiti wa Carraher, Carraher na Schliemann (1985) uliofanyika Recife, Brazili, unaonesha jinsi ujuzi wa namna hiyo unavyoweza kufichika shuleni. Watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani walijibu kwa usahihi asilimia 98.2 ya maswali waliyoulizwa katika mazingira ya biashara. Hesabu za aina ileile zilipowekwa kama mafumbo ya maneno, usahihi ulishuka hadi asilimia 73.7, na zilipowekwa kama tarakimu tupu ulishuka hadi asilimia 36.8. Idadi ya watoto ilikuwa ndogo, lakini fundisho la kimbinu ni zito: namna ya kuuliza inaweza kumfanya mtoto mahiri aonekane hajui.

Kwa mwalimu wa Tunduma, kazi mradi zinazotokana na maisha ya mji zipo tele. Mwanafunzi anaweza kurekodi bei ya debe la mahindi kwa wiki nne na kuchora grafu yake. Anaweza kuhesabu magari yanayopita kwa nusu saa na kuyaainisha. Anaweza kukusanya maneno yanayofanana kati ya Kiswahili na Kinyamwanga, lugha inayozungumzwa pande zote mbili za mpaka. Anaweza pia kumhoji babu au bibi kuhusu ujenzi wa TAZARA kati ya 1970 na 1975. Kazi hizo hazihitaji manila, na zinambadilisha mlezi asiye na cheti kuwa chanzo cha taarifa. Bibi aliyedhaniwa kuwa hana la kuchangia huwa ndiye mtaalamu anayehojiwa.

6.0 Mipaka ya kazi ya mtoto

Kuyathamini maarifa ya genge na soko hakumaanishi kuhalalisha kumtumikisha mtoto. Sheria ya Mtoto ya Mwaka 2009, katika kifungu cha 8, inampa mtoto haki ya elimu na malezi pamoja na haki ya kucheza na kupumzika. Kifungu cha 77 kinaruhusu kazi nyepesi kwa mtoto kuanzia umri wa miaka 14, mradi isimdhuru wala kumzuia kuhudhuria shule. Wanafunzi wengi wa shule ya msingi hawajafikia umri huo.

Tofauti kati ya mtoto anayejifunza kwa kumsaidia mzazi na mtoto anayetumikishwa huonekana katika mambo matatu: muda anaotumia, hatari inayomkabili, na kama kazi hiyo inamnyima shule, usingizi au mchezo. Mtoto anayekaa na mama yake gengeni kwa saa moja baada ya shule ana hali tofauti na yule anayepita katikati ya malori usiku akiuza karanga. Mwalimu anayetoa kazi mradi kuhusu biashara ya nyumbani anapaswa kuikumbuka tofauti hiyo, ili agizo lake lisigeuke kuwa kisingizio cha kumpeleka mtoto barabarani.

Onyo hilo linaihusu pia familia yenye uwezo. Mtoto anayetoka shule na kuingia tuisheni, kisha akapewa kazi za ziada hadi usiku, amenyimwa haki ileile ya kucheza na kupumzika, ingawa kwa nia njema.

7.0 Mafanikio na namna yanavyotambuliwa

Familia hushiriki katika kazi ya mtoto kwa sababu mafanikio yake ni heshima ya wote. Siku ya mahafali ya darasa la saba, ndugu hufika na zawadi, na mtoto huvishwa taji la maua. Mwanafunzi anayechaguliwa katika michezo ya UMITASHUMTA kutoka ngazi ya shule hadi kata, halmashauri, mkoa na taifa hubeba jina la mtaa wake. Furaha hiyo ni sehemu ya malezi, kwani humfahamisha mtoto kwamba juhudi yake imeonekana.

Hata hivyo, namna ya kutangaza mafanikio huunda pia namna ya kuyatafuta. Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, Baraza la Mitihani la Tanzania lilieleza kuwa limeacha utaratibu wa kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Hatua hiyo ilitambua kuwa shule hazishindani zikiwa na mazingira sawa. Mantiki hiyohiyo inafaa kutumika ndani ya darasa. Kazi mradi zinapotundikwa ukutani kwa mpangilio wa ubora wa zao, hugeuka kuwa orodha ya kumi bora za kaya.

8.0 Upimaji unaotenda haki

Njia ya kuondoa utata huo si kuwafukuza wazazi katika kazi za watoto. Msaada wa familia ni mwema na hauwezi kuzuiwa. Kinachotakiwa ni kuufanya uonekane. Mambo matatu yanaweza kutekelezwa na mwalimu wa kawaida katika darasa kubwa.

Kwanza, sehemu ya kazi ifanyike darasani. Data zikikusanywa nyumbani na grafu ikachorwa shuleni, mwalimu atauona mkono wa mtoto.

Pili, vifaa viwekewe mipaka. Mwalimu anapoagiza kwamba kazi itumie vitu visivyonunuliwa, au karatasi ya daftari pekee, hulinganisha uwanja kabla ya mchezo kuanza.

Tatu, mtoto aieleze kazi yake kwa mdomo. Katika maonesho ya Young Scientists Tanzania, yanayowahusisha wanafunzi wa sekondari tangu mwaka 2012, mwanafunzi husimama mbele ya bango lake na kujibu maswali ya majaji. Utaratibu huo hautofautiani na utetezi wa tasnifu mbele ya watahini. Kwa mwanafunzi wa shule ya msingi dakika mbili zinatosha, na maswali yanaweza kuwa mepesi: ulianzaje, wapi ulikwama, nani alikusaidia, ungerudia ungebadilisha nini. Mtoto aliyefanyiwa kazi hatakuwa na pa kukwama pa kusimulia. Aliyeifanya mwenyewe atakuwa na mengi.

Swali la “nani alikusaidia” linapaswa kuulizwa bila kitisho, na jibu lake lisipunguze alama. Likiulizwa hivyo, huleta faida ya pili: mwalimu atawafahamu watu halisi wanaomlea mtoto, akiwamo shangazi, kaka au jirani ambaye jina lake halipo katika rejesta ya shule.

9.0 Hitimisho

Makala hii imefafanua kuwa kuhama kwa mradi kutoka shamba la shule hadi nyumbani kumeifanya kaya kuwa mshiriki asiyetajwa katika upimaji wa mwanafunzi. Katika mji wa mpakani kama Tunduma, mshiriki huyo ana upungufu wa muda na wakati mwingine wa fedha, lakini ana utajiri wa maarifa ya hesabu, lugha na usafiri. Upimaji unaotazama zao pekee huadhibu upungufu huo na kuupuuza utajiri huo.

Athari yake inampata mtoto ambaye bado hana namna ya kujitetea. Anayepewa alama ndogo kwa sababu manila yake haina rangi hataambiwa kuwa kilichopimwa ni mfuko wa nyumbani kwao. Ataamini kuwa ni akili yake, na anaweza kwenda na imani hiyo hadi kidato cha kwanza, mahali ambapo lugha itamwongezea ugumu mwingine. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu walezi wasio wazazi katika miji ya mpakani, na kuhusu jinsi walimu wanavyofasiri kazi zinazotoka nyumbani. Wakati utafiti huo ukisubiriwa, dakika mbili za mwalimu kumsikiliza mtoto akiieleza kazi yake ni kipimo ambacho hakihitaji bajeti.